Maziwa sio kinga ya vumbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mabosi wa karakana hapa Dar, hasa hawa wa kukata graniti za kaunta za jikoni, na wale wa fenicha kule Keko nao wasikie. Hii tabia ya kumpa kijana pakti ya maziwa jioni eti akasafishe kifua imetoka wapi jamani? Maziwa yanaenda tumboni, vumbi linaenda kwenye mapafu. Mpeni, sikatai, mtu kashinda na njaa hapo, ila msimwambie ndio kinga.

Unamkuta kijana kashika grainda, kajifunga kitambaa puani au ile barakoa ya bluu ya enzi za corona, mweupe mpaka kope. Vumbi la graniti lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, na chembe zenye madhara ni zile ndogo ambazo huzioni kwa macho, kitambaa hakizizuii, zikishafika ndani zinatia makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Mwenye nao anapata TB kirahisi kuliko wengine, sasa unakuta mtu anatibiwa TB anapona halafu anarudi kwenye grainda lile lile.

Kinachosaidia ni maji. Jiwe linakatwa huku linalowa, vumbi linakuwa tope linabaki chini. (Ila grainda la umeme la kawaida msilimwagie maji hovyo mtaua mtu kwa shoti, zipo mashine za kukatia na maji.) Juu ya hapo ndio uweke barakoa ya maana kama N95, ile inayochuja chembe ndogo, na jioni msifagie vumbi kavu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, vifaa vya kinga ananunua mwajiri sio kibarua. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, tunawaomba mkishamaliza viwanda vikubwa mwingie na huku uchochoroni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unahusu mpaka magonjwa ya kazini, lakini silikosisi mara nyingi inajitokeza baada ya miaka mingi, karakana imeshafungwa, bosi kahamia mkoani, na wewe hukuwa na mkataba. Kwa hiyo vijana, dai mkataba, akigoma basi tunza zile meseji za malipo kwenye simu na picha ukiwa kazini, na ukienda hospitali na kikohozi kisichoisha mwambie daktari kazi unayofanya, usisubiri akuulize.

Fundi mwenzenu,
Tabata, Dar es Salaam