Reli mpya isiishie stesheni

Mhariri,

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni aliyoijenga Mjerumani bado inapendeza kuitazama. Vivutio tunavyo: sokwe wa Gombe na Mahale, na Ujiji ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kazi ni kufika. Mgeni aliyeonja treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, umwambie nini akikuta choo cha behewa la treni ya zamani ya kuja Kigoma hakina maji?

SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Tabora–Kigoma tunaisubiri kwa hamu. Ila ratiba yake ipangwe pamoja na boti, maana Gombe hakuna barabara. Mtalii akishuka treni na kukuta boti imeshaondoka, atabaki gatini na begi lake, akizongwa na bodaboda.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma