Kwa nini indiketa zetu za LED ni shilingi 2,400

Wiki iliyopita mteja mmoja wa tuktuk alisimama mlangoni pa karakana yetu hapa Maweni, Malindi, akasema mbele ya wenzake wawili kwamba tunaibia watu. LED moja, ile punje ndogo ya taa, dukani ni shilingi kumi, alisema, na sisi twatoza 2,400 kwa indiketa nne. Nilikuwa chini ya lori, nikanyamaza. Lakini maneno hayo nayasikia kila mwezi, na yananiuma, kwa hivyo leo nayajibu kwa urefu. Ukishasoma ukaona bado ni ghali, nenda kwingine kwa amani.

Betri ya tuktuk huitwa ya volti 12, lakini injini ikinguruma mita haisomi 12. Inasoma 13.8, na mara nyingi inafika 14.4. LED ya manjano peke yake inataka volti 2.1 hivi na mkondo wa miliampea 20 (ampea moja ni miliampea 1,000), basi. Ukiipa betri moja kwa moja inakufa kabla hujarudisha kifuniko. Sisi twaziunga tatu tatu, moja nyuma ya nyingine, hizo ni volti 6.3. Kwenye 14.4 zinabaki 8.1 za kumezwa na rezista, kile kifaa kidogo cha kubana mkondo, na rezista ya omu 470 (omu ni kipimo cha ubanaji huo) itapitisha miliampea 17. LED inawaka vizuri wala haichemki. Kila taa tunaitia safu nne za namna hiyo, LED 12, ili safu moja ikikatika tatu ziendelee kufanya kazi. Kuna wanaotaka nne nne kwenye safu, rezista zipungue. Ukifanya hivyo rezista inabakiwa na volti chache, na betri ikilegea kidogo tu mwanga unaanguka. Sisi twafunga tatu.

Wengi sasa wanakimbilia ule ukanda wa LED wa kubandika, unaouzwa kwa mita, wa kupambia vyumba na kumbi za harusi. Unakatwa kipande, unabandikwa ndani ya taa, nyaya mbili, kazi kwisha. Ukanda ule umepigiwa hesabu ya volti 12 kamili zinazotoka kwenye adapta ya nyumbani. LED zake nyeupe tatu hula volti 9.6 hivi. Kwenye volti 12 rezista yake inabakiwa na 2.4, ikiwa ni ya omu 150, zinapita miliampea 16. Uupeleke kwenye tuktuk yenye 14.4, rezista inapata 4.8, mara mbili, na mkondo unakuwa miliampea 32, mara mbili pia. Betri imepanda volti mbili na kidogo tu, LED imebebeshwa mzigo maradufu. Siku za kwanza unang'aa mpaka jirani anauliza umeununua wapi. Halafu LED zinaanza kuzimika tatu tatu. Nina ndoo nzima ya vipande hivyo, na kila kimoja mwenyewe alilipa mara mbili: kule dukani, kisha kwangu.

Tena ukanda mweupe nyuma ya kioo cha manjano hautoi manjano ya kueleweka. Globu ya kawaida ina rangi hiyo kwa wingi ndani ya mwanga wake, kioo kinaichuja inatoka. LED nyeupe inayo kidogo, kwa hivyo saa sita, jua la Malindi likiwa utosini, aliye nyuma yako haoni kitu. LED ya manjano hukaa nyuma ya kioo cha manjano.

Kuna na jambo la pembe. LED za duara za milimita tano nyingi hurusha mwanga mwembamba mbele yake tu. Kijana mmoja wa bodaboda alijiundia indiketa zake kwa hizo, kazi safi ya mkono, mimi mwenyewe nilimsifu. Siku moja akitoka upande wa Kilifi alitaka kukata kulia pale Gede aingie barabara ya Watamu. Lori lililokuwa nyuma yake lilishatoka kulipita. Dereva alikuwa kando, upande wa kulia, na kutoka kando taa ile ilionekana imezima. Lilimkosa kwa upana wa kiganja. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, mikono bado inatetemeka. Ndiyo maana sisi twanunua zenye pembe pana, na kwenye kila taa safu moja tunaielekeza kando. Hizo haziuzwi shilingi kumi.

Lalamiko linalorudi kuliko yote ni hili: "Fundi, nimetia LED, sasa indiketa yapepesa kama imeshikwa na degedege." Au: "Yawaka, imeganda, haipepesi." LED haina kosa. Kosa ni la flasha, kile kifaa kinachokata na kurudisha umeme ili taa ipepese. Flasha ya zamani ina kipande cha chuma ndani kinachopashwa moto na mkondo wa globu, kikipata moto kinapinda na kukata, kikipoa kinarudi. Pikipiki yenye globu mbili za wati 10 kila upande inakula karibu ampea 1.7. LED zangu 24 za upande mmoja hazifiki hata wati mbili na nusu. Chuma hakipati moto, taa inaganda. Flasha nyingine, za elektroniki, zimetengenezwa kukuonya globu ikiungua: zikiona mkondo umepungua zinapepesa mbio. Kwa flasha hizo LED ni globu iliyoungua.

Hapa ndipo mafundi wa njiani wanapotia ile rezista kubwa ya omu 6, wati 50, ili kuidanganya flasha. Inafanya kazi, sikatai. Lakini inakula ampea mbili na zaidi, kuliko globu mbili ulizoondoa upande huo, na inachemka. Mwaka jana mama mmoja anayepeleka watoto shule kwa tuktuk yake aliniletea gari likinuka plastiki. Rezista ilikuwa imefungwa kwa tepu juu ya fungu la nyaya, chini ya dashibodi. Ilikuwa imekula ngozi ya nyaya tano, na mbili zilishagusana. Kuzibadilisha kulimgharimu 4,500. Kama angekuja mwanzo tungemtilia flasha ya LED, ile isiyojali mzigo, yenye pini tatu: ya betri, ya taa, na ya ethi (njia ya umeme kurudi betri). Ina saa yake ndani, inapepesa vilevile ukiwa na taa moja au nne. Sisi tunaipima kwa saa ya mkononi: kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na mimi napenda iwe karibu na 90.

Baada ya flasha, pikipiki nyingi zina mtego mwingine. Unawasha kushoto, zinapepesa nne zote. Mteja anaapa kwamba fundi amechanganya nyaya. Hajachanganya. Kwenye dashibodi kuna globu moja ndogo ya kuonyesha, imeungwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Ukiwasha kushoto, mkondo unapita kwenye globu hiyo na kurudi ethi kupitia taa za kulia. Zamani mkondo huo mdogo haukuweza kuwasha globu za wati 10. LED unaziwasha bila taabu. Dawa yake ni diodi mbili, vifaa vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu, aina ya 1N4007, kila upande yake, zikutane kwenye globu ile, na mguu wake wa pili uende ethi. Diodi zenyewe ni pesa ndogo. Kufungua dashibodi, kutafuta nyaya hizo na kurudisha kila kitu mahali pake ni saa nzima, na saa hiyo imo ndani ya zile 2,400.

Nimeacha chumvi mwisho kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi. Hapa kwetu upepo wa kusi ukianza, hewa yenyewe ni maji ya bahari. Wateja wangu wa Gongoni, wanaofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi, nyaya zao hugeuka kijani ndani ya ngozi, ukikata unaona unga tu. Kwa hivyo hatusokoti nyaya na kuzungusha tepu. Gundi ya tepu inayeyuka kwa joto, tepu inafunguka, maji yanaingia. Kila kiungo tunakiyeyushia risasi kwa pasi ya kuchomea, kisha mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa moto. Na hatutegemei bodi kuwa ethi. Bodi ya tuktuk ya Malindi ni kutu na rangi. Tunavuta waya wake wa ethi kutoka kila taa mpaka betri. Huo ni waya wa mita kadhaa usioonekana, na ndio ambao watu wanakataa kuulipia.

Somo la silikoni nililipata kwa hasara. Miaka michache nyuma niliziba taa za tuktuk sita kwa silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki. Miezi mitatu baadaye nne zikarudi. Ile harufu ni asidi, na asidi ile ilikuwa imekula shaba kwenye viungo vyangu nilivyovifanya kwa uangalifu. Nilizirudia zote sita bure, hata mbili ambazo hazikuwa zimeharibika. Tangu siku hiyo tunatumia ile isiyonuka siki. Ni ghali zaidi.

Nikitoa vifaa vyote na ushuru wa kibanda, kinachobaki kwa kazi ya saa nne au tano ni kama shilingi 900, na tunagawana wawili. Sitapunguza. Anayetaka kununua vifaa mwenyewe avilete, nitamfungia kwa bei ya mkono peke yake, ila nikikuta ukanda wa harusi nitamrudishia.

Njooni asubuhi, kazi iishe kabla ya saa sita, maana saa sita ndipo tunapoisukuma tuktuk juani na kurudi nyuma hatua thelathini kutazama, katikati na kando. Msiitupe flasha ya zamani, hata kama imekufa. Ileteni, nitahesabu pini zake na kusoma maandishi yake kabla sijakata waya wowote.