Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi Tanzania: vitufe vya mashine za mbao viandikwe Kiswahili

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Salaam kutoka Mafinga. Ninawafundisha vijana kazi ya kupasua mbao, na nakuandikia kuhusu maandishi yaliyo kwenye paneli za mashine zao.

Msitu wa Sao Hill umevuta viwanda vingi vya mbao hapa Mufindi. Mashine nyingi ninazokuta, za msumeno wa duara na za msumeno wa mkanda, zina maandishi ya Kichina au Kiingereza. Opareta mpya huoneshwa na mwenzake: cha kijani unawasha, chekundu unazima. Mafunzo yanaishia hapo.

Lakini mashine hizi zina kuzima kwa namna tatu, na anayezichanganya anaweza kupoteza vidole. Kuna kitufe cha kusimamisha, cha kazi ya kila siku. Kuna kitufe cha dharura, kile chekundu chenye kichwa kama uyoga kwenye kibati cha njano. Ukikibonyeza kinajifunga mpaka ukizungushe au ukivute. Na kuna swichi kuu, inayoitenga mashine na umeme. Vijana wanaziita zote "kuzima". Basi gogo likikwama, mtu anabonyeza cha dharura na kuingiza mkono atoe banzi, akiamini umeme umekatika kabisa. Kumbe umefika mpaka kwenye paneli. Mwenzake wa upande wa pili akikizungusha kile kitufe na kubonyeza cha kijani, msumeno unazunguka mkono ukiwa humo. Kabla ya kugusa meno ya msumeno, swichi kuu izimwe, ipigwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono. Tena asubiri, maana msumeno usio na breki huendelea kuzunguka kwa muda hata umeme ukiwa umekatwa.

Kiwango cha kimataifa ISO 13850 kinataka kufungua kitufe cha dharura kusiiwashe mashine. Kunapaswa kuruhusu tu iwashwe upya. Mkaguzi wako anaweza kulipima hilo kwa dakika moja: abonyeze, azungushe, atazame. Vilevile umeme ukikatika na kurudi, mashine isijiwashe yenyewe. Inayojiwasha isiruhusiwe kufanya kazi mpaka irekebishwe.

Lipo pia lile bamba la chuma nyuma ya msumeno wa duara, linalozuia mbao isiubane msumeno ikarushwa kwa opareta. Nimeona karakana walikoling'oa kwa kudhani linapunguza kasi. Kitabu cha mashine kilieleza kazi yake, kwa lugha ambayo hakuna aliyeisoma.

Ulaya, sheria yao ya mashine ya mwaka 2006 inataka maonyo na maelekezo yawe katika lugha rasmi inayokubalika katika nchi mashine inakouzwa. Anayepeleka mashine Poland anaandika Kipoland. Huyo huyo ataandika Kiswahili akijua kwamba bila hivyo mashine haipiti ukaguzi wako. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, tayari inamdai mwajiri maelekezo na mafunzo kwa wafanyakazi wake. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu na mahakama zetu.

Naomba ukae na Shirika la Viwango (TBS) na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), mkubaliane jina moja kwa kila kitufe na kila kinga, kisha majina hayo yagongwe kwenye vibati vya chuma, maana karatasi haidumu kwenye vumbi la mbao. Msianze mezani. Waulizeni kwanza maopareta wanasemaje, kwa kuwa jina wasilolitumia halitamwokoa mtu wakati wa kupiga kelele. Dingidongi, zile mashine ndogo za kupasua mbao za injini ya dizeli, nazo zisisahauliwe: nyingi hazina paneli yoyote, na mikanda yake iko wazi.

Ukituma mkaguzi Mafinga, nitampitisha karakana kwa karakana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkufunzi wa maopareta wa mashine za mbao, Mafinga