Barua ya wazi kwa mpwa wangu: maandamano yametulia, sasa twende wapi?

Mpwa wangu,

Pokea salamu zangu, na umfikishie mama yako zake. Najua ananilaumu kwamba mimi ndiye niliyekuingiza kwenye harakati. Ukweli unaujua wewe: uliingia mwenyewe Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, na mimi niliposikia ulikuwa umeshafika mjini.

Umeniuliza kwa ujumbe mfupi wa simu: barabara zimenyamaza, matukio ya wanaharakati yako wapi? Ulitaka nikutumie orodha. Nimeona nikujibu hadharani bila kutaja jina lako, kwa kuwa wenzako wengi wananiuliza hilohilo, na jibu langu ni moja kwa wote. Matukio yapo tele, karibu kila wiki. Ila mengi hayapendezi kwenye picha, na hakuna atakayekusifu kwa kuyahudhuria.

Nenda mahakamani. Ndiyo, mahakamani, hata kama si wewe uliyeshtakiwa. Kila kesi ya mtu aliyeuawa na polisi ina siku za kutajwa, siku za kusikilizwa, na siku ambazo jaji au wakili hayupo na watu wanarudishwa nyumbani. Siku ya kwanza ukumbi hujaa, kamera zikapanga foleni nje. Ukija mwaka wa tatu utamkuta mama wa marehemu na dada yake kwenye benchi la nyuma, na upande wa pili jamaa na marafiki wa washtakiwa wamejaa safu nzima. Hapo ndipo mwili wako unapohitajika, umekaa kimya, simu imezimwa.

Kumbuka kesi ya wakili Willie Kimani. Aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake Josephat Mwendwa na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Mawakili waliandamana, nchi nzima ikapiga kelele. Lakini hukumu ya kuwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja ilitolewa Julai 2022, na adhabu ikasomwa Februari 2023. Kati ya kelele na hukumu kulikuwa na miaka sita ya tarehe za mahakama. Mtoto Samantha Pendo wa Kisumu alikuwa na umri wa miezi sita alipojeruhiwa na polisi na kufa mwaka 2017. Maafisa waliidhinishiwa mashtaka mwaka 2022. Ukitaka kujua harakati ni za nani, angalia nani bado anafika tarehe ya kutajwa kesi ambayo magazeti yameacha kuiandika.

Utauliza tarehe hizo utazijuaje. Waulize vituo vya haki za kijamii, vikundi vya wakazi wanaotetea haki katika mitaa ya Nairobi: Mathare, Kayole, Dandora, Mukuru, Githurai. Hao hufuatana na familia tangu siku ya kwanza, kuanzia kuripoti kituoni na kupata nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, kwenda mochari kushuhudia uchunguzi wa maiti, kuandikisha malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, hadi kizimbani. Na wana vikao vyao vya mtaa, vya kuzungumza juu ya maji, ubomoaji, vijana kukamatwa ovyo. Keti huko kwanza kama msikilizaji. Usifike na kipaza sauti chako.

Kuna pia Jeevanjee, katikati ya Nairobi. Bustani ile ilitolewa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, na kwa miaka mingi Bunge la Mwananchi, baraza huru la raia wa kawaida, limekuwa likikutana pale chini ya miti kujadili siasa. Hakuna kadi ya mwaliko. Wengine hupayuka, wengine husema uongo mtupu, na utapata mzee atakayekueleza historia ya nchi hii tangu zamani bila kupumua. Lakini ukiweza kusimama pale ukatetea hoja yako kwa dakika tatu mbele ya watu wasiokuogopa, hakuna jukwaa litakalokutisha tena. Nyinyi mliokulia kwenye simu mmezoea kumzuia msiyempenda kwa kubonyeza kidole. Jeevanjee humzuii mtu.

Halafu kuna kumbukumbu. Kalenda yetu imejaa: 18 Februari, siku Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, aliponyongwa mwaka 1957; 24 Februari, mbunge na mwanaharakati Pio Gama Pinto alipopigwa risasi mwaka 1965; 25 Juni, siku Bunge lilipovamiwa mwaka 2024, ambayo kizazi chako kimeiandika kwa damu yake; Saba Saba; na 10 Desemba, siku ya haki za binadamu duniani. Sina ubishi na kumbukumbu. Ninachochukia ni kuweka shada, kupiga picha na kuondoka. Chukua Saba Saba. Watu hukumbuka tarehe 7 Julai 1990 na uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ulikoitishwa mkutano wa kudai vyama vingi. Wachache hukumbuka kwamba walioitisha mkutano huo, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wameshatiwa kizuizini siku tatu kabla, na watu wakaenda hivyohivyo, bila wenye mkutano. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichotufanya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991. Kati ya hapo kuna miezi kumi na saba ambayo hakuna anayeiadhimisha. Ukialikwa kuandaa kumbukumbu ya Saba Saba, waite watu wazungumze juu ya miezi hiyo: nani alificha nani, nani alichapisha nini, makanisa gani yalifungua milango na yapi yalifunga.

Na akina mama wa Freedom Corner, kona ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Tarehe 28 Februari 1992 wazazi wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo mama yake Koigi wa Wamwere, walimwendea Mwanasheria Mkuu kudai wana wao, kisha wakaingia Uhuru Park kungoja jibu, wakigoma kula. Mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na vitoa machozi. Maathai akazimia, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari kama laana. Hilo ndilo linalosimuliwa. Kisichosimuliwa sana ni kwamba walihamia kanisa la All Saints wakakaa karibu mwaka mzima. Mwaka! Kuna watu waliowapelekea chakula na blanketi, waliokesha nao, waliowaletea habari. Majina yao hayamo vitabuni, nao ndio walioshikilia ule mgomo.

Sasa nije kwenye maandamano yenyewe, maana najua utayarudia. Ibara ya 37 ya Katiba inakupa haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na bango na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandalizi ampe mkuu wa kituo cha polisi, OCS, ilani ya maandishi si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla, ikitaja jina na anwani yake, tarehe, mahali au njia, na saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Ni ilani. Tangu mageuzi ya 1997 huombi leseni, unatoa taarifa. Afisa atakayekuambia “hatujakupa ruhusa” mjibu kwa adabu kwamba hukuomba ruhusa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo. Karatasi hiyo yenye muhuri haitasimamisha rungu, lakini wakili ataihitaji sana kesho yake mahakamani.

Nina masharti yangu mwenyewe kabla ya kufuata tangazo lolote la maandamano. Nani ameita? Njia ni ipi, na mwisho ni saa ngapi, wapi? Nani anaweka orodha ya waliokamatwa? Mtu mmoja asiyeandamana akae mahali salama na majina, na nambari ya wakili muiandike mkononi kwa kalamu, kwa kuwa simu itachukuliwa. Ukikamatwa, Ibara ya 49 inasema uelezwe mara moja sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza na kuzungumza na wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya kazi inayofuata iwapo saa hizo zinaishia nje ya saa za korti. Ndiyo maana wanapenda kukamata Ijumaa. Tangazo lisilo na majibu ya maswali haya, hata likiwa na mchoro wa kupendeza namna gani, mimi silifuati, na nakuomba nawe usilifuate. Wahuni wa kukodi hupenda sana mkusanyiko usio na mwenyewe.

Kuhusu warsha za hotelini nitasema machache, kwa kuwa zimesemwa sana. Nenda ukialikwa, utajifunza kitu na utakutana na watu wa kaunti nyingine. Pokea nauli yako, si dhambi. Uliza tu ajenda iliandikwa na nani, na lini. Na ile karatasi ya mahudhurio inayozungushwa, yenye jina, nambari ya simu, kitambulisho na sahihi, usiijaze kama mtu anayesaini kitabu cha harusi. Uliza itahifadhiwa wapi na nani ataiona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwandalizi anayekasirishwa na swali hilo amekujibu tayari. Ukiwa wewe ndiye mwandalizi, jiulize kama unaihitaji karatasi hiyo hata kidogo. Mkutano wa majirani kuhusu kijana aliyepotea hauhitaji orodha ya nambari za vitambulisho.

Na ukiandaa, anza saa uliyotangaza. Nalisema kwa ukali kwa kuwa tunalidharau. Kikao cha saa nane kinachoanza saa kumi kinawafukuza wanawake, maana saa kumi na mbili wanataka kuwa nyumbani, na uamuzi wote unafanywa baada ya wao kuondoka. Kisha tunashangaa kwa nini kamati imejaa wanaume. Tafuta ukumbi usio na ngazi. Weka kona ya watoto na mtu wa kuwaangalia. Andika maamuzi, nani atafanya nini kufikia lini, na uyasome kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.

Nimeliacha la mwisho lile ninalolipenda na wewe utalipigia miayo: vikao vya bajeti. Mswada wa Fedha wa 2024 uliokutoa nyumbani ulikuwa umepita kwenye kamati ya fedha ya Bunge la Taifa kabla ya Bunge kuvamiwa tarehe 25 Juni. Kamati iliketi kupokea maoni. Wahasibu, mabenki na wenye viwanda walifika na maandishi yao yamechapwa vizuri. Sisi tulifika barabarani. Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26, baada ya watu kufa. Sisemi barabara ilikosea. Bila barabara ungekuwa sheria. Nasema tulifika mlango wa mwisho. Na usidhani vikao vile ni mapambo tu: tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa batili, ushirikishwaji wa umma ukiwa miongoni mwa sababu, na tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Majaji wa mahakama mbili wamebishana kuhusu maoni yale ambayo wewe na mimi hatukwenda kuyatoa.

Kwenye kaunti mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu tarehe zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Vijana wachache wanaojitokeza hufika Aprili au Mei, wakati zahanati yao haimo na haitaingia. Wanaojua huanza na mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao lazima uwasilishwe kufikia 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaouhusu kuanza. Mradi ambao haukutajwa humo utahangaika sana baadaye.

Kwa hiyo hii ndiyo orodha yako, ina tukio moja. Mwezi wa Julai andika barua kwa kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ukitaka rasimu ya mpango huo na orodha ya miradi ya wadi yako ya mwaka uliopita, pamoja na kiasi kilicholipwa kwa kila mmoja. Wana siku ishirini na moja za kukujibu. Tafuta wenzako wawili kati ya mliokimbizwa pamoja, mgawane kurasa: mmoja afya, mmoja maji, mmoja barabara. Nendeni mkaikague ile miradi iliyoandikwa kuwa imekamilika, mpige picha. Tangazo la kikao likitoka, huenda likatoka siku chache tu kabla, fikeni mapema mketi mbele, na mtakapopewa nafasi kila mmoja aulize swali moja tu, kwa nambari ya ukurasa.

Mjomba wako.