Ile Re ya Alfajiri

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zako zimewafikia wote. Ujumbe wako wa juzi nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani peke yangu, mama yako ameshalala. Unasema ni miezi minane sasa unajifunza kuimba huko India, na kila alfajiri ni raga Bhairav tu, mpangilio mmoja huo wa sauti na namna ya kuziimba, na moyo unakutuma urudi Unguja kabla ya Ramadhani. Hukunilaumu. Lakini neno lililokufanya uone unapoteza wakati nililitamka mimi, na leo nataka kulifuta.

Unakumbuka siku yangu ya pili hapo Dharwad? Ulipotoka kwenye somo nilikwambia, "Mbona hii naijua! Hii si maqam yetu ya Hijaz Kar?" Ukafurahi, ukaona baba yako si mgeni kabisa. Na kwa ngazi ya sauti peke yake sikukosea, ni zilezile saba, na sisi wapiga fidla wa taarabu tunazipanda na kuzishuka tangu ujana. Nilikosea kudhani kwamba mwenye ngazi anayo na raga.

Wiki mbili zilizofuata nilikaa pale ukutani, juu ya mkeka, nikaona. Saa kumi na moja alfajiri mwalimu wako ameshika tanpura, ile ala ya waya inayomvumia mwimbaji, na bado hujafungua kinywa. Anashughulika na uzi. Ule uzi mwembamba wa pamba unaopita chini ya waya, pale unapolalia kidaraja. Aliusukuma kwa ukucha, upana usiofika hata punje ya mchele. Waya uliokuwa ukilia mkavu ukaanza kuvuma, na ndani ya mvumo ule nikasikia sauti nyingine ambazo hakuna mkono uliozipiga. Akahamia waya wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Waya nne, na zote ni Pa na Sa tu, sauti ya tano na ya kwanza ya ngazi. Re unayoitafuta, ile sauti ya pili, haimo hata katika mmoja. Lazima itoke kooni mwako.

Ukaimba Re, akainua kidole. Ukaimba tena, akainua kidole. Nilihesabu mpaka kumi na saba, nikaacha. Kisha akaimba yeye, akaishukia kutoka juu bila haraka, akaiacha iyumbe karibu kabisa na Sa bila kuiangukia. Hapo ndipo nilipoelewa anakukataza nini, mwanangu. Yako ilikuwa inatetemeka. Yake ilikuwa inabembea.

Niliporudi nyumbani nilifunga mlango, nikaitafuta kwa fidla. Kila nikijaribu ilitoka taarabu. Miaka thelathini na moja nimeshika upinde, na sauti moja ile kidole changu hakikuiweza.

Hapo ulipo, ardhi yenyewe imezoea watu wa subira. Kundgol si mbali nawe. Mwimbaji Gangubai Hangal alikuwa akipanda treni kutoka Hubli kwenda huko kwa mwalimu Sawai Gandharva, anafunzwa, anarudi kwake. Mwimbaji mwingine, Bhimsen Joshi, alitoroka kwao Gadag akiwa na miaka 11 kwenda kusaka mwalimu. Akazunguka mpaka Jalandhar, kaskazini kabisa, na mwalimu akaja kumpata karibu na kwao, kwa Sawai Gandharva huyohuyo, mwaka 1936. Akachota maji ya nyumba ile. Asubuhi alipewa raga ya Todi, mchana Multani, jioni Puriya, na hizo tatu ndizo alizozirudiarudia. Na kama bado linakusumbua lile swali la binti wa Kiislamu kuinama kugusa miguu ya mwalimu wa Kihindu, mimi naliona kama sisi tunavyobusu mkono wa mkubwa. Isitoshe, Sawai Gandharva aliyekuwa Mbrahmin, mwalimu wake alikuwa Abdul Karim Khan.

Sisi hatukupata hayo. Nilijifunza kwa kutazama mikono ya wakubwa na kurudisha kaseti nyuma mpaka utepe ukakatika. Walionisikia walisema "vizuri, endelea," nikaendelea, na makosa yangu ya ujana ninayo mpaka leo, yamekomaa pamoja nami. Hapakuwa na mtu wa kuamka alfajiri, miezi minane, kunisikilizia sauti moja. Kidole kile kinachokuudhi, mimi nilikitamani nilipokiona. Mtu asiyekutarajia mema angekuacha upite.

Yule mtu wa studio anayekuahidi kurekodi usimjibu kwa sasa. Na ule uzi uitwao "ganda", wa kukukubali rasmi kuwa mwanafunzi wake, usijipimie kwa wenzako waliokwisha kufungwa mkononi.

Sikukatazi kurudi. Nauli ipo, mama yako anaijua ilipo. Ila ukiamua, kamwambie mwalimu uso kwa uso, kwa adabu, usiondoke kwa ujumbe wa simu.

Kabla ya hapo nina ombi. Mwombe mwalimu ruhusa, kisha kesho alfajiri weka simu karibu na tanpura, unirekodie Re peke yake. Usinichagulie iliyo nzuri. Nitumie na zile alizozikataa, nizisikilize kwa mpangilio wake, fidla iko mkononi.

Babako