Ndiyo, mimi ni mfeministi

Moshi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku. Sisi wazima, masika yameanza na migomba imechangamka. Swali lako la kwenye simu, kama kweli najiita mfeministi, yaani mtetezi wa usawa wa wanawake na wanaume, lilihitaji nafasi, ndiyo maana naandika. Jibu ni ndiyo. Mimi ni mfeministi, na hata nikiulizwa mbele ya wakwe nitasema hivyohivyo.

Najua unachohofia. Hapo kazini kwenu Arusha, ukijiita hivyo unahesabiwa mwanamke aliyeshindwa ndoa, au anayeiga Wazungu. Lakini Holaria Pastory alikuwa Mhaya, mwenzangu. Aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo akamshtaki eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza akaamua kwamba ana haki ileile aliyonayo mwanamume. Hapo Wazungu wako wapi?

Unamkumbuka mama mdogo wa Kibosho? Mume alipofariki, matanga hayajaanuliwa, ukoo ukakaa kikao. Ana mabinti watupu, basi kihamba, lile shamba la ukoo, kirudi kwa shemeji zake. Kahawa ile aliipalilia yeye, ng'ombe aliwakatia majani yeye, na mbege waliyokuwa wakinywa siku ile alipika yeye. Hakuna aliyemtukana. Walizungumza kwa upole kabisa, wakamwita mama, wakamwambia hatakosa pa kulala. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Wewe unasema inatosha mtu kuamini usawa moyoni, jina la nini. Pale kikaoni walikuwepo wanaoamini usawa moyoni, tena si wachache, wengine wamesoma kuliko sisi. Wote waliangalia chini. Mama mdogo alihitaji mtu mmoja ambaye kila aliyeketi pale anajua tangu zamani yuko upande gani, asiyeweza kunyamaza bila kuonekana amemsaliti. Mimi nataka niwe huyo mtu, ndiyo maana nalibeba jina hadharani.

Sikubaliani na kila lisemwalo na wanaharakati. Mahari yangu ililetwa, nami nilifurahi, na sitaki mtu anifundishe kuionea aibu. Hayo tutabishana ukija.

Sasa nami nikuulize. Kile kiwanja chenu cha Usa River, hati ina jina la nani? Fedha za kikoba chako zimo mle. Najua Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hilo ni la kudai mahakamani, ndoa ikishavunjika. Mwambie shemeji mwandikishe majina yote mawili sasa, mkiwa mnapendana na hakuna anayemshuku mwenzake. Nijibu kabla ya Pasaka umefikia wapi.

Wabusu watoto.

Wako akupendaye