Oda ya korti hailegezwi na simu ya usiku

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hii ni ndefu, ukiikata sawa tu, lakini tafadhali usinitolee ile sehemu ya kofi manake hiyo ndiyo iliyonifanya nikaandika.

Mimi nina saiba hapa Mombasa, si mbali na mahakama, kompyuta nne na mashine moja ya fotokopi ambayo ikishika joto inakula karatasi. Zamani kazi yangu ilikuwa kujazia watu fomu za kodi za KRA, barua za kuomba kazi, na picha za paspoti. Tangu 2024 Mahakama ilipopeleka mambo ya kufungua kesi mtandaoni nchi nzima, sisi wa saiba za karibu na korti tumegeuka nusu mawakili bila kusomea. Mtu anakuja na karatasi imekunjwa mara nane, anakupa, halafu anakutazama usoni kama wewe ndiye hakimu, "Bro, hii inasema nimefungwa ama sijafungwa?"

Mwaka jana aliyekuja na karatasi alikuwa binamu yangu, dereva wa tuktuk. Polisi alimkuta steji, akampa, akamwambia atie saini, akatia. Hakuisoma. Aliikunja akaiweka chini ya kiti pale panapokaa spana na kitambaa cha kupangusia kioo, na siku ya pili ndio akaniletea, ina doa la oili juu ya tarehe ya kusikizwa. Ilikuwa oda ya ulinzi, ile inayotolewa chini ya sheria ya 2015 ya dhuluma za nyumbani. Imeandikwa Kizungu chote na binamu aliishia darasa la nane, kwa hivyo nikamsomea. Asikanyage nyumbani, asimpigie mkewe wala kumtumia mtu, asimfuate kazini, mpaka siku ya kusikizwa. Alipandwa na wazimu. "Nyumba kodi nalipa mimi!" Na mimi kwa ujinga wangu nikamwitikia, nikamwambia hiyo haiwezekani, hakimu gani huyo anatoa oda hata hajakusikiliza.

Inawezekana, tena imeandikwa. Hakimu akiona kungoja kutaleta madhara anaweza kutoa oda ya muda kwa kumsikiliza aliyeomba peke yake, halafu anaweka tarehe nawe uje useme yako. Na anaweza kumwacha aliyeomba akae nyumbani hata kama nyumba ni yako au kodi walipa wewe. Nyumba haibadiliki jina, wewe ndiye unaekwa kando kwanza watu watulie. Na si wanawake peke yao wanaoomba, mume anaweza, mchumba anaweza, mzee anayeteswa na mwanawe anaweza, hata mtu mliyezaa naye tu bila kuishi pamoja. Wala dhuluma si mpaka damu itoke, mle ndani kuna matusi, kuna kufuatafuata mtu, kuna kumbana mtu kwa pesa, na kuna wakwe kuingilia (mama wakwe wa Pwani mjisomee wenyewe, mimi simo).

Sasa kofi. Binamu akataka nimwandikie majibu ya kiapo apeleke kortini. Shilingi mia tatu. Sikumwambia aende kwa wakili, na niseme ukweli mbele ya wasomaji wako, niliziona zile mia tatu. Akawa anasema mimi napiga chapa: "Sikumpiga vile anavyodai, nilimpiga kofi moja tu, na ni kwa sababu alimtukana mamangu." Mimi nikaona hapo tumeshinda, tena nikatia chumvi yangu, nikaongeza kwamba kofi lenyewe lilikuwa dogo, nikaiweka kwa Kizungu cha kupendeza, nikaprinti nakala tatu, akaenda mlango wa pili kuapa mbele ya kamishna wa viapo, mhuri ta! ikaingia kwenye faili.

Kumbe faili zilikuwa mbili. Mkewe alikuwa ameenda polisi pia, ameandikisha OB, kile kitabu cha ripoti cha kituo, amejaziwa na daktari P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, na baadaye binamu akashtakiwa kumpiga na kumjeruhi, shtaka ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka mitano. Hizi kesi mbili zinafanana kwa macho, mke ni yuleyule, siku ni ileile, lakini hazipimwi kwa mzani mmoja. Ile ya oda ni ya madai, hakimu anaangalia ni maneno ya nani yana uzito zaidi. Ile ya jinai ni ya Jamhuri na wewe, na Jamhuri lazima ithibitishe mpaka shaka ya maana iishe, na wewe una haki ya kunyamaza toka unaposhikwa, iko kwenye Katiba kifungu cha 49, na kwenye kesi yenyewe cha 50. Binamu alikuwa na haki yake ya kunyamaza mzima mzima na mimi nikamsaidia kuiuza mia tatu. Kiongozi wa mashtaka hakuwa na haja ya kutafuta shahidi wa kofi, shahidi alikuwa binamu mwenyewe amekula kiapo, na karani wake ni mimi.

Siku ya kusomewa mashtaka akasimama akajibu kama wanaume wengi ninaowasikia wakisimulia hapa saiba, "Ni kweli, lakini..." Bahati yake hakimu alikuwa mwangalifu, akamsomea tena kwa Kiswahili pole pole, akamuuliza hiyo lakini yake ni ipi, halafu akaandika amekataa mashtaka. Baadaye wakili alituambia huo utaratibu ni wa zamani, umewekwa na mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki kwenye kesi ya Adan ya 1973, kwamba mtu aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa na akikubali asomewe yaliyotokea, akianza kuyapinga basi kukubali kwake kunafutwa. Lakini ukitegemea hakimu aikamate lakini yako unacheza pata potea, wengine wanasema "ni kweli" kavu kavu kwa sababu mtu pale seli amewaambia ukikubali haraka unaenda nyumbani haraka. Binamu akatoka kwa bondi.

Halafu ikaja simu. Saa tatu usiku, mkewe, mtoto ana homa, hana hata ya dawa. Mhariri, wewe ungefanyaje? Binamu akanunua Panadol, maziwa pakiti mbili na unga, akaenda. Mke mwenyewe akamfungulia mlango. Wakaongea, mtoto akanywa dawa, yeye akalala kwenye kochi. Alfajiri jirani anayejua mambo ya oda akapiga simu polisi, wakaja, wakamkuta anasukutua mswaki. Akawaonyesha simu, "si yeye ndiye aliyeniita!" Yule afisa akamwambia neno ambalo mimi sasa nalirudia kila siku hapa saiba: oda imetoka kwa hakimu haijatoka kwa mkeo, mkeo hawezi kuifuta kwa simu. Kuvunja oda ni kosa jipya la jinai, faini mpaka laki moja au kifungo mpaka mwaka mmoja au vyote viwili. Na ilikuwa Jumamosi alfajiri, zile saa ishirini na nne za kufikishwa kortini zinazotajwa na watu zikiisha wikendi unangojeshwa mpaka siku ya korti inayofuata. Jumatatu kiongozi wa mashtaka akaomba bondi ya kwanza ifutwe, na binamu akalala gereza la Shimo la Tewa siku kumi na moja.

Hapo ndipo ukoo ulipochanga tukatafuta wakili. Mwanamke, sauti ya chini, hana makuu. Sisi tulienda tumejipanga kumhadithia yote toka harusi, yeye akasema, "Leteni karatasi zote kwanza, hata zilizochanika." Akazisoma na kalamu mkononi, akapiga mstari chini ya tarehe, chini ya kila neno la kukataza, akafika kwenye ile hati ya kiapo, akasimama kwenye kofi dogo. Akauliza, "Hii nani aliandika?" Haki ya kunyamaza nikaitumia mimi. Lakini akaniangalia akajua, akaniambia taratibu kwamba kuandikia watu hati za kesi kwa malipo na wewe si wakili ni kosa kisheria, halafu alipoenda kumwona binamu akaniacha nje, manake maneno ya mtu na wakili wake ni siri yao, nikikaa pale kesho naweza kuitwa niseme nilichosikia. Sikuwa nalijua hilo pia.

Ile hati hakuweza kuitoa, kilichoapwa kimeapwa. Alichofanya ni vitu ambavyo tungevifanya mwanzo bila mtu kulala ndani. Alimtetea kuhusu bondi mpaka akatoka kwa masharti mapya. Halafu akarudi kwenye faili ya oda akaomba ibadilishwe kidogo, kwani sheria inaruhusu oda kubadilishwa au kuondolewa ukimwomba hakimu, sasa binamu anawaona watoto Jumamosi kwa nyanya yao, na pesa ya matumizi anatuma M-Pesa kwa mama mkwe, usiku wa homa una njia yake. Kesi bado ziko mbele ya hakimu kwa hivyo sitasema nani mkweli. Ila kofi ni kofi, nilimwambia binamu, na shangazi yangu nikamwambia aache kumpigia yule msichana kumtusi, anamwongezea mwanawe mzigo.

Msinielewe vibaya mkadhani nazichukia oda. Januari 2024 nilifunga saiba nikasimama barabarani kuangalia yale maandamano ya kupinga kuuawa kwa wanawake, nina mabinti wawili. Na juzi juzi alikuja mama mmoja na oda yake akaniomba niilaminishe, kwa sababu anatembea nayo kwenye mkoba kila siku na imeanza kukatika pale kwenye mikunjo. Aliniambia siku mume alipokuja kugonga mlango alikimbilia kituo cha polisi, akaitoa, na aliyekuwa kaunta akaigeuza geuza akamuuliza, "Sasa hii ni ya nini, mama?" Nililaminisha bure. Nikamwambia pia aende apate wakili, manake mwombaji naye anahitaji mtu wa kumwambia akavunjiwa oda aripoti vipi, aweke ushahidi gani, mesaji asifute, na kwamba akitaka mume arudi wapitie kwa hakimu, asimwite tu. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake bila malipo, Kituo cha Sheria nao wa msaada wa kisheria wako toka 1973, na ile namba ya dhuluma ya 1195 haikatwi pesa.

Kwa upande wa mshtakiwa, Katiba inasema unaweza kupewa wakili na serikali pale ambapo bila yeye haki itapotoka vibaya, na kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2016, hakuna dhambi kumuuliza hakimu siku ya kwanza, muulize. Asiye na pesa anaona aibu kuuliza halafu anaenda kumpa broka wa getini elfu tano. Hao mabroka ndio wanaoniudhi kuliko wote. Watakuambia "leta kitu kidogo mke aseme amesamehe, kesi inaisha leo." Mlalamishi anaweza kuomba kuondoa kesi, ndiyo, lakini ni hakimu aridhike kwamba kuna sababu ya kutosha, na hakimu wengi watamuuliza mke usoni kama ametishwa. Wengine wanakimbilia kwa Kadhi, na Kadhi atakusikiliza habari ya talaka na matumizi, lakini kesi ya jinai si yake. Na mtu akijiita wakili ingia kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili, uangalie jina lake na kama ana cheti cha mwaka huu, ukija kwangu nitakuangalizia, hiyo sitozi.

Hati za kiapo nimeacha. Nimebandika karatasi juu ya mashine, MAJIBU YA KORTI HATUANDIKI, TUNAPRINTI TU, na yule broka wa getini hanisalimii siku hizi, anasema namharibia soko.

Jana jioni nikiwa nafunga akaja kijana mmoja na oda, mpya kabisa, haijakunjwa hata. Tukaisoma pamoja mstari kwa mstari, nikamzungushia tarehe kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia asimjibu mtu, asiandike kitu, kesho asubuhi kwa wakili. Akatoa simu mfukoni akanionyesha, kuna mesaji ya mkewe ya saa hiyo hiyo, "njoo tuongee."

"Hata hii nisijibu?"

"Hata hiyo. Piga skrinishoti umpelekee wakili."

Akaizima, akaiweka mfukoni, akaomba fotokopi mbili.

Mwenye saiba,
Mombasa